Rupia halisi na rupia iliyochezewa

Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeifunga pwani na hela kutoka Ulaya haziingii tena, utawala wa Kijerumani uliamua kujipigia sarafu zake mjini Tabora. Mitambo ilikuwa ya karakana ya reli, dhahabu ikatoka machimbo ya Sekenke. Zikazaliwa Rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi T ya Tabora. Zilipigwa takriban 16,000 tu, kisha Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Hiyo ndiyo sarafu inayotajwa kwa kunong'onezana kuanzia kwa masonara wa Mchafukoge hadi vibanda vya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa ni adimu na ni ghali, waghushi hawajaiacha.

Mnunuzi anapaswa kutenganisha maswali mawili. La kwanza: je, sarafu hii ilipigwa na mamlaka inayotajwa juu yake? La pili: tangu ilipotoka kiwandani, kuna mkono ulioichezea? Sarafu inaweza kulipita swali la kwanza na kuanguka la pili, na watu wengi hupoteza fedha zao hapo.

Mazoea ya dukani ni kukimbilia jiwe na tindikali. Naomba tuyaache. Jiwe hupima ngozi ya juu tu, kwa hiyo sarafu iliyopakwa dhahabu nzito inaweza kumdanganya sonara. Na sarafu halisi ikishasuguliwa, kovu hilo halifutiki na thamani hushuka papo hapo. Sonara huyohuyo ana kifaa bora zaidi mezani: mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu.

Rupia 15 ya Tabora ina gramu 7.168 na kipenyo cha milimita 22. Robo tatu yake ni dhahabu, yaani karati 18, na iliyobaki ni fedha na shaba. Shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na ukubwa na unene uleule, haifiki hata gramu 4. Rupia 1 ya fedha ya Mjerumani ina gramu 11.66, na karibu asilimia 92 yake ni fedha safi. Lakini rupia iliyozunguka mikononi miaka mingi hulika ikapungua, na mwenye bandia hujitetea kwa sababu hiyohiyo: “Imechakaa tu, mzee, aliiacha marehemu babu.”

Jibu lake liko kwenye bilauri ya maji. Iweke juu ya mizani, kisha rudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawanye kwa namba hiyo. Rupia nzima ya fedha husukuma maji ya gramu 1.13 hivi, na jibu ni karibu 10.3. Ikiwa imelika, uzito na maji hupungua pamoja, kwa hiyo jibu halibadiliki. Shaba ya njano haifiki 9 hata ukiipima mara ngapi. Kwa dhahabu ya Tabora tegemea jibu la 15.5 hivi. Kipimo hiki hakiachi alama yoyote, na sijui kwa nini hakifanywi kila siku katika kila duka. Sumaku ni nyepesi zaidi, ila inakamata chuma tu. Shaba ya njano itaipita salama. Na ukisikia mtu anadai rupia yake inavuta punje za mchele, mwache na mchele wake. Fedha haivuti kitu.

Maji yana mpaka wake: mghushi aliyetumia fedha ya kweli atapita. Hapo chukua kioo cha kukuzia, anza na ukingo. Sarafu za serikali hupigwa kwa chapa na shinikizo kubwa. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu. Ya kumimina huwa na vijitundu vidogo uwandani, herufi zake zimelegea kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mshono wa kalibu huonekana ukingoni hata baada ya kupigwa tupa. Lakini kwa Tabora lazima uwe na busara. Kazi ile ilifanywa kwa haraka ya vita, kwa hiyo sura kufifia upande mmoja si kosa. Zipo pia aina mbili halali: katika moja, pambo la upande wa kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine chini ya A. Anayekwambia moja kati ya hizo ni bandia hajui, au anataka kukuuzia ya kwake.

Sasa swali la pili. Rupia 2 za fedha zilitolewa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Kwenye rupia za kuanzia 1904 kuna herufi ndogo, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Tarakimu moja au herufi moja inaweza kubadili bei, na ndipo mghushi anapotia patasi. Tazama uwanda unaozizunguka. Madini yakisogezwa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Herufi ikibandikwa kwa lehemu, rangi hubadilika pale palipopata moto. Tazama pia juu kabisa, upande wa saa sita. Rupia nyingi ziligeuzwa mapambo, zikatiwa kishikizo cha mkufu. Kikiondolewa, ukingo hubaki na uvimbe au mng'ao tofauti. Sarafu hiyo ni halisi iliyojeruhiwa, na muuzaji mwaminifu huieleza hivyo na kupunguza bei.

Kuna nyingine inayowachanganya wengi: reale ya Maria Theresa, iliyokuwa fedha ya biashara Zanzibar katika karne ya 19. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, ila ziliendelea kupigwa Vienna, na katika karne ya 20 Roma, London na Bombay. Gramu 28.07 na fedha ya 833 kwa 1,000 zitakusaidia kutambua kuwa si bandia, lakini mwaka ule hauthibitishi umri hata kidogo. Wala umri wenyewe hauleti uadimu. Pesa za shaba za Sultan Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria ni za kale kweli, ila zimebaki nyingi mno.

Usisafishe. Ndimu, majivu na dawa ya kung'arishia vyombo huondoa rangi iliyojijenga kwa miongo mingi, na rangi hiyo ni sehemu ya ushahidi. Mghushi naye hupenda sarafu iliyosuguliwa, kwa sababu mng'ao unaficha patasi.

Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ni jambo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, zikiwemo sarafu hizo. Ukiiokota ufukweni au shambani, andika mahali ulipoiona na uipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, bila hata kuiosha.

Kwa nyingine zote, omba mizani, uzi na bilauri ya maji kabla hujatoa shilingi. Muuzaji akikataa kipimo kisichoacha hata alama, usinunue.