Tembe si badala ya mboga

Ukikata parachichi wakati wa jua kali pale Malaba, ambako malori hupanga foleni kuvuka kwenda Uganda, halikawii kuwa jeusi. Likamulie ndimu uone: litakaa muda mrefu bila kubadilika. Hewa huliharibu, ndimu hulikinga.

Jambo linalokaribiana na hilo hutokea mwilini. Chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu, huzaliwa chembe korofi ambazo zikizidi hudhuru seli. Moshi wa sigara nao huziongeza. Zinazozikabili ni kemikali ambazo wataalamu huziita antioksidanti: vitamini C, vitamini E na karotini, ile inayoipa karoti rangi yake.

Wafanyabiashara hawakulala, wakazitia katika tembe. Je, zinafaa? Huko Finland, wanaume zaidi ya 29,000 wavutao sigara walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalipotolewa mwaka wa 1994, wataalamu walipigwa na butwaa: waliomeza tembe za karotini walipatwa na saratani ya mapafu kuliko wenzao, kwa takriban asilimia 18. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 1996 nao ulionyesha madhara kama hayo. Basi dereva anayevuta sigara asidhani kikopo cha tembe kitamwokoa.

Chakula chenyewe ni habari nyingine. Wanaokula mboga na matunda kwa wingi huugua moyo na kiharusi kwa uchache, na Shirika la Afya Duniani hushauri gramu 400 kwa siku. Kwa mkazi wa Busia hilo si gumu. Saga, managu, mrenda na kunde ni mboga za jadi za upande huu. Pera lina vitamini C zaidi ya mara 3 ya chungwa la uzani sawa. Kuna pia viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye karotini tele ambayo vile vyeupe havina. Robert Mwanga, mtafiti kutoka Uganda, alikuwa mmoja wa watu 4 waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2016, na kazi yake ilikuwa viazi hivyo.

Kasoro iko jikoni. Wengi hutia magadi ili mboga zilainike, huzichemsha mno, kisha humwaga maji. Vitamini C haistahimili moto mrefu wala magadi, na inayosalia huenda na maji hayo. Karotini, kwa upande wake, huhitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Bibi zetu waliotia maziwa katika saga kupunguza uchungu walikuwa wakiyapata mafuta hayo humo humo.