Walimu Watarajiwa na Elimu Isiyo na Mwisho

Walimu watarajiwa wanaosoma Chang'ombe, Temeke, wamezungukwa na watu walioacha shule zamani au hawakuimaliza. Wakitaka kuanzisha mpango wa elimu kwa jirani zao wa Mbagala au Tandale, waanzie wapi?

Historia yetu inatusaidia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu pamoja na kujadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Kiongozi wa kikundi hakutoa hotuba. Kazi yake ilikuwa kuongoza mazungumzo. Walioshiriki walikuwa takribani milioni mbili.

Hapo tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, somo litokane na shida ya watu. Leo yupo mama lishe anayeweka dole gumba kwenye mkataba wa mkopo wa "kausha damu" asioweza kuusoma. Marejesho yakimshinda, vyombo vyake vinachukuliwa. Kwake, kusoma mkataba na kupiga hesabu ya riba ndilo somo la kwanza.

Pili, ratiba imfuate mwanafunzi. Mama huyo huamka alfajiri kuwasha jiko. Darasa la asubuhi halimfai. Afadhali saa kumi jioni, karibu na kwake. Naye ni mtu mzima: asifundishwe kama mtoto wala kuaibishwa mbele ya wenzake.

Tatu, kikundi kiwe kidogo, kijiongoze, ili kisife mwalimu akipangiwa kituo kingine.

Sisi waamini tayari tunazo Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Zinaweza kutoa ua, mkeka na watu wanaofahamiana. Ila masomo yapewe siku yake, mbali na sala, ili majirani zetu Waislamu nao waje bila wasiwasi.

Mseminari aliye likizo anaweza kuanza na mwalimu mtarajiwa mmoja wa parokia yake. Waende pamoja wakaulize swali hili: mwaka huu, ni karatasi gani mliyotia sahihi bila kuielewa? Majibu watakayopewa ndiyo yatakuwa mtaala wao wa mwezi wa kwanza.