Mtwara: Kazi Inayosafirishwa na Korosho

Kusini mwa Lindi pwani ya Tanzania huishia kwenye Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mji wa Mtwara ni mtoto wa mradi ulioshindwa: Waingereza walitaka kulima karanga kwa matrekta huko Nachingwea, wakaanza bandari na reli, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli iling'olewa baadaye. Bandari ilibaki, na korosho ni miongoni mwa mizigo inayoilisha.

Korosho hizo hunikumbusha mchumi E. F. Schumacher. Alikwenda Burma mwaka 1955 kuishauri serikali, na baadaye akaandika juu ya uchumi wa Kibuddha. Kwake kazi haikuwa gharama ya kupunguzwa tu: humkuza mtu, humuunganisha na wenzake, kisha huleta bidhaa. Wamakonde wengi wa huku ni Waislamu, wala Buddha hatajwi, lakini sijaona pwani inayoihitaji hoja hiyo kuliko hii.

Tazama kubangua. Mama huweka korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, akaigonga ubavuni kwa kirungu. Akizidisha nguvu punje hukatika na bei hushuka. Vidole hupakwa majivu, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Wenzake wameketi kandokando, mikono kazini, habari za mji zikiendelea.

Kazi hiyo sehemu kubwa hufanywa India na Vietnam, kwa kuwa korosho nyingi huondoka ghafi. Viwanda vikubwa vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia vingi vilikwama. Kilichoshika mizizi ni mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo huuzwa kwa mnada, na hapo wakulima huweza kuikataa bei. Mwaka 2018 waliikataa, hata serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Utajiri mwingine wa Mtwara ni gesi ya Msimbati, tena iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000 kulinda mikoko na matumbawe ya maingilio ya Ruvuma. Schumacher alitenganisha mali inayoota tena na ile ambayo ikichimbwa imekwisha. Gesi ni ya pili; mkorosho ni wa kwanza.

Sisi Kenya tulipiga marufuku kuuza korosho ghafi nje mwaka 2009, ingawa kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikuwa kimewahi kuanguka. Marufuku peke yake haibangui. Ningekuwa na sauti Mtwara, ningeomba sehemu ya fedha za gesi ivinunulie vikundi vya akina mama mashine ndogo za kubangulia, wilaya za Newala na Tandahimba kwanza.