Kompyuta mpya zakataa folda za zamani

Wafanyabiashara wenye kompyuta zaidi ya moja wamezoea kuweka orodha ya bei, ankara na daftari la madeni katika folda moja ya pamoja. Karani wa stoo huandika mzigo ulioingia, keshia akauona papo hapo, na mwenye mali akasoma mauzo akiwa mezani kwake. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Mtandao wa ndani ya jengo unatosha.

Matatizo huanza inaponunuliwa kompyuta mpya. Ile ya zamani hufungua folda bila shida, mpya huikataa. Mara nyingi hakuna mashine iliyoharibika. Chanzo ni utaratibu wa mawasiliano uitwao SMB, ulioanzishwa katika kampuni ya IBM mwaka 1983 na kuendelezwa na Microsoft. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2017, Microsoft imeiondoa SMB1, yaani SMB ya kwanza, katika mpangilio wa kawaida. Windows 11 Pro, toleo la 24H2 la mwaka 2024, nayo hukataa folda inayofunguliwa bila neno la siri.

Hatua hizo zilitokana na hasara. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipenya kwenye ufa wa SMB1, vikafunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Mwezi uliofuata, virusi vya NotPetya vilitumia ufa huo huo pamoja na mbinu nyingine. Kampuni ya meli ya Maersk ilikadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 200 na 300. Dawa ya ufa huo ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi 2017, lakini wengi walikuwa hawajaiweka.

Fundi mwenye haraka anaweza kushauri SMB1 irudishwe. Hiyo ni nafuu ya siku moja. Iwapo kinachokwamisha ni diski ya mtandao au mashine ya kunakili isiyojua ila SMB1, mwenye duka apime bei ya kifaa kipya na thamani ya daftari lake la madeni.

Njia ya kuunganisha ni nyepesi. Tuseme kompyuta inayotunza folda inaitwa stoo, na folda inaitwa bei. Kwenye Windows, huandikwa \\stoo\bei katika mstari wa anwani wa dirisha la mafaili. Kwenye Mac, mtu hufungua Finder, hubonyeza Command na K, kisha huandika smb://stoo/bei. Linux nayo hupokea anwani hiyo ya pili. Jina lisipoitika, hutumika namba ya kompyuta, kwa mfano 192.168.1.10, namba hiyo ifungwe kwenye ruta isibadilike.

Asiyetaka kulipia leseni ya seva anaweza kutumia Linux na Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Kwa Samba, kompyuta ya Linux huhudumia Windows na Mac bila ubaguzi.

Yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, kila mfanyakazi awe na jina na neno lake la siri, na anapoacha kazi jina hilo lifutwe. Pili, anayehitaji kusoma bei tu asipewe ruhusa ya kuzibadili. Tatu, mlango namba 445, unaotumiwa na SMB, usifunguliwe kwenye intaneti. Nne, nakala ya folda iwekwe kila wiki katika diski ambayo huchomolewa kazi ikiisha, kwa kuwa virusi vinavyofunga folda ya pamoja hufunga pia nakala iliyoachwa ikiwa imeunganishwa.