Kabla ya kutoa feza ya likelemba: jina kubwa, depo ao kawa yetu?

Kila mara feza ya kikundi inapofika kugawanywa, swali linarudi: tufanye nayo biashara gani? Hapa Butembo na Beni wengi wanafikiria vinywaji, kwa sababu watu wanakunywa kila siku. Kuna njia tatu. Tuzilinganishe vizuri, maana feza hiyo ndiyo minerval ya watoto na dawa ya nyumbani.

Kukodi jina kubwa

Kampuni inayojulikana inakuruhusu kufungua duka kwa jina lake. Unalipa feza ya kuingia, unanunua mashine na bidhaa wanazotaka wao, kisha kila mwezi unawapa sehemu ya mauzo. Sikia vizuri: ya mauzo, si ya faida. Tuseme wanaomba 6 kwa mia. Kikundi kikiuza kwa dola 1.000, na baada ya kulipa nyumba, sukari na wafanyakazi kikabakiwa na dola 50, wao wanadai dola 60. Mmetumika mwezi mzima na mko na deni la dola 10.

Tena, majina makubwa hayatafuti vikundi vidogo. Starbucks, iliyoanza Seattle mwaka 1971, katika inchi nyingi inatoa jina lake kwa kampuni zenye mtaji mkubwa. Java House, iliyoanza Nairobi mwaka 1999, ilikua katika miji yenye wateja wa mishahara na umeme wa kutegemea. Basi mtu akikuja kwenye mkutano wenu na jina la kigeni, akiomba feza ya kwanza leo leo, msitoe kitu. Mwombe mkataba, mwende nao kwa mtu anayejua sheria.

Kufungua depo

Depo ya bia na sukari inazunguka haraka, na jina la kinywaji linajulikana tayari. Lakini faida kwa kila kasie ni ndogo, na feza nyingi inalala ndani ya kasie na chupa tupu. Chupa ikivunjika, hasara ni yako. Bia inauzwa zaidi jioni, na kwetu usalama ukiharibika, jioni ndiyo saa watu wanajifungia nyumbani. Barabara ikifungwa, mzigo haufiki. Anayechagua depo aweke pembeni akiba ya wiki kadhaa bila mauzo.

Kuuza kawa yetu

Kawa inalimwa kwetu, kwenye miteremko ya Rwenzori na milima ya Lubero. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imevuka mpaka kwenda Uganda ikiwa mbichi, na faida ya kukaanga ikabaki kwa wengine. Upande wa pili wa mlima, Andrew Rugasira alinunua kawa ya wakulima wa Kasese na kuiuza imekaangwa, kwa jina la Good African Coffee. Upande wetu, wakulima wa kooperative Kawa Kanzururu wameonyesha kwamba kawa safi inaweza kubeba jina la kwetu.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya kawa mbichi, ikikaangwa, inabaki karibu gramu 800. Kwa gramu 10 kila kikombe, unapata vikombe 80. Ondoa sukari, makala, maji na mshahara wa anayeuza. Vyombo ni sufuria, kinu, chujio na thermos. Hakuna umeme wa kungojea. Na kawa inauzwa asubuhi, sokoni na kwenye parking, wakati watu wako barabarani.

Ugumu uko pia: wengi wetu tumezoea chai. Kwa hiyo anzeni kidogo, thermos mbili, mwezi mmoja, pamoja na mandazi. Andikeni kila kitu katika kaye: vikombe vilivyouzwa, vilivyomwagwa, feza iliyoingia na iliyotoka.

Mambo ya kuuliza katika mkutano

- Tukifunga wiki mbili, tutapoteza ngapi?
- Feza gani itarudi tukiacha biashara?
- Nani anashika kaye, na nani anashika feza? Wasiwe mtu mmoja.
- Kila mama ametoa feza ambayo nyumba yake inaweza kuishi bila hiyo?

Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, likelemba iendelee na biashara ingoje.