JINSI MJI UNAVYOIBADILI HATI YAKE

Wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi hati ya mji inavyobadilishwa kwa kura za wenyeji wenyewe. Hati ya mji ni maandiko yasemayo nani atautawala mji, atachaguliwa kwa njia gani, na nani mwenye amri juu ya fedha za kodi. Mfano wetu ni mji wa New York, katika nchi ya Marekani.

Mji ule una sehemu tano: Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island. Sehemu hizo ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1898. Kwa miaka mingi mambo makubwa, kama fedha za mji na matumizi ya ardhi, yalikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Makadirio, yenye wajumbe wanane. Meya, mkuu wa hesabu na rais wa Baraza la Mji walikuwa na kura mbili kila mmoja. Wakuu wa zile sehemu tano walikuwa na kura moja kila mmoja.

Mtu akitazama upesi atasema: Je, si haki kila sehemu kuwa na kura moja? Lakini na tuhesabu watu. Mwaka 1980 Brooklyn ilikuwa na watu zaidi ya 2,200,000, na Staten Island watu 350,000 hivi. Ni kama kuzipa nyumba mbili pishi moja moja ya mchele, na nyumba hii ina watu 12, na ile ina wawili. Pishi zalingana, lakini matumbo hayalingani.

Mwaka 1981 wapiga kura watatu wa Brooklyn walipeleka mashitaka yao mahakamani. Kesi ilipanda daraja kwa daraja hata ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 22 Machi 1989 mahakimu wake wote walikubaliana kwamba mpango ule wavunja kanuni ya kura ya mtu mmoja kuwa na uzito sawa na ya mwenzake.

Mahakama iliweza kusema kwamba mpango ni mbovu. Lakini mpango mpya ulitaka kibali cha wenyeji. Tume iliyowekwa na Meya Edward Koch, ikiongozwa na Frederick A. O. Schwarz, ilisikiliza maoni ya watu, ikaandika mapendekezo. Tarehe 7 Novemba 1989 wenyeji wakaulizwa: Mwakubali au mwakataa? Wengi wakakubali.

Basi Halmashauri ile ikaondolewa. Baraza la Mji likapewa nguvu zaidi juu ya fedha na ardhi, na madiwani wakaongezwa kutoka 35 hata 51, kila mmoja akisimamia eneo lenye watu karibu sawa na maeneo ya wenzake. Kwa kuwa maeneo yalikuwa madogo zaidi, ilitumainiwa kwamba watu wa makabila machache, ambao zamani sauti yao haikusikiwa, watapata wasemaji wao.

Lakini si wote waliofurahi. Watu wa Staten Island waliona wamepunguziwa heshima, na mwaka 1993 wengi wao walipiga kura ya kutaka kujitenga, ingawa hawakujitenga. Hatuwezi kuwacheka, maana mtu aliyezoea pishi nzima huona kibaba kuwa dhuluma, hata kama hesabu ni sawa.

Twajifunza nini? Hati ya mji ni kama nyumba: hujengwa na wazee kwa mahitaji ya siku zao, kisha watoto huongezeka, na kuta zikaanza kubana. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini wakaao ndani ndio wapaswao kuulizwa kabla ya kuta kubomolewa, na kila mmoja wao ahesabiwe kuwa mtu mmoja, wala asizidi, wala asipungue.