MAJAMBIA YA KALE YA ULAYA NA JINSI YANAVYOTAMBULIWA

Katika nyumba za makumbusho za London, Paris na New York yamewekwa majambia mengi yaliyotumiwa Ulaya baina ya mwaka 1200 na 1500. Baadhi yake yameliwa na kutu hata yakawa kama vijiti vyeusi. Mengine yangali yaking'aa. Mtu ayatazamaye nyuma ya kioo huenda akauliza, "Wamejuaje kwamba hili ni la miaka 600 iliyopita, na lile ni la kughushi?" Swali hili ni jema. Jambia la kale ni shahidi wa historia, na shahidi wa uongo akipokewa barazani, hukumu yote hupotoka.

Yafaa kwanza kujua ya kuwa majambia hayo hayakupinda kama yale ya Waarabu. Bapa lake lilinyooka na ncha yake ilikuwa kali, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuchoma. Wala hayakuchukuliwa na wakuu peke yao. Mwaka 1388 Bunge la Uingereza, lilipokutana katika mji wa Cambridge, lilikataza watumishi na vibarua wa mashamba kuchukua jambia au upanga. Sheria hiyo yenyewe ni ushahidi, kwa kuwa watu hawakatazwi jambo wasilolifanya.

MPINI NDIO USEMAO

Mtaalamu akipewa jambia hutazama mpini kabla ya bapa. Mabapa hufanana sana, lakini mipini ilibadilika kwa mtindo wa nchi na wa wakati.

Aina ya kwanza ina visahani viwili vya mviringo, kimoja juu ya mpini na kimoja chini yake. Mkono ulishika katikati, usiweze kuteleza. Bapa lake aghalabu ni jembamba, nene na gumu, ili liweze kupenya mahali palipo wazi katika deraya, yaani vazi la chuma la askari. Aina hii ilitumika sana katika karne ya 14 na ya 15.

Aina ya pili ina mpini, mara nyingi wa mti, wenye mafundo mawili ya mviringo pale unapokutana na bapa. Watu wa zamani waliliita jambia hilo waziwazi kwa jina la viungo vya siri vya mwanamume. Wataalamu wa karne ya 19, kwa kuona haya, wakalipa jina jipya, jambia la figo. Ndiyo sababu mwanafunzi hana budi kuchunguza umbo lenyewe, asitegemee majina tu.

Aina ya tatu ina mpini mfano wa herufi kubwa I, wenye kipande kilichokingama juu na kingine chini. Jina lake, baselard, hufungamanishwa na mji wa Basel katika Uswisi. Aina ya nne ina vipande viwili vilivyotokeza mwisho wa mpini kama masikio. Hiyo ilitoka kwa Waislamu wa Hispania, waliotawala Granada hata mwaka 1492, kisha mafundi wa Italia wakaiiga.

MIAKA HUJULIKANAJE?

Katika makanisa mengi ya Ulaya yamo makaburi ya wakuu yenye sanamu za mawe au za shaba. Sanamu hizo zimevalishwa deraya na jambia kiunoni, na mara nyingi mwaka wa kufa umeandikwa. Mtaalamu akiona jambia la namna moja katika makaburi mengi ya miaka iliyokaribiana, hujua lilitumika wakati huo. Lakini kaburi moja halitoshi, kwa sababu wengine walijengewa kaburi kabla ya kufa, na wengine baada ya miaka mingi.

Ushahidi mwingine hutoka majini. Mto Thames, upitao kati ya London, umetoa majambia mengi, kwa kuwa tope zito huzuia hewa na kupunguza kutu. Tena iko merikebu ya vita iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Ndani yake ilionekana mipini mingi ya mti ya ile aina ya mafundo mawili, ingawa mabapa ya chuma yalikuwa yamekwisha kuliwa na maji ya chumvi. Hivyo twajua kwa hakika ya kuwa aina hiyo, iliyoanza yapata mwaka 1300, ilikuwa bado viunoni mwa mabaharia mwaka 1545.

Mmoja wa waliopanga elimu hii kwa taratibu ni Mmarekani Bashford Dean. Yeye alikuwa mtaalamu wa samaki kabla ya kuwa msimamizi wa silaha katika makumbusho kubwa ya New York. Orodha yake ya majambia ya Ulaya ilipigwa chapa mwaka 1929, baada ya kufa kwake.

HILA ZA WAUZAJI

Katika karne ya 19 matajiri walipenda sana kukusanya silaha za kale, na mafundi wenye hila wakawatengenezea. Wengine waliunda jambia zima. Wengine walitwaa bapa la kale wakalitia mpini mpya. Kwa hiyo mtaalamu huchunguza kama msuka wa bapa waingia sawasawa katika mpini, na kama kutu ya sehemu zote yalingana. Kisha chuma chenyewe huchunguzwa kwa darubini. Chuma cha tanuru za kale kina chembe za mavi ya chuma ndani yake. Chuma cha pua kilichofuliwa kwa njia ya Bessemer, iliyoanza mwaka 1856, na kwa njia zilizoifuata, hakina nyuzi hizo za mavi.

Hata hadithi tamu yapasa kupimwa. Mwezi wa Juni 1381 Meya wa London, William Walworth, alimpiga kwa jambia Wat Tyler, kiongozi wa wakulima walioasi. Watu wengi wakasadiki ya kuwa silaha nyekundu katika nembo ya mji ni jambia hilo. Lakini nembo hiyo ilikwisha tiwa katika muhuri mpya wa mji mwezi wa Aprili mwaka ule ule, kabla ya maasi. Silaha hiyo ni upanga wa Mtakatifu Paulo, msimamizi wa London.

Basi, mtu akiokota chuma cha kale shambani au mtoni, asikisugue kwa tupa wala kukitia tindikali. Aandike mahali alipokiona na kina chake ardhini, kisha awaonyeshe watu wa makumbusho. Jambia lililong'arishwa na kuuzwa bila habari zake laweza kupendeza ukutani, lakini limenyang'anywa sehemu kubwa ya ushahidi wake.